Mguu Mzima wa Refa

Asubuhi ya Jumamosi Refa alikaa ukingoni mwa kitanda, soksi moja mguuni na nyingine mkononi, na hiyo ya mkononi ilikuwa imemshinda kwa nusu saa nzima. Kidole gumba cha mguu wa kulia kilikuwa kimevimba, kimeiva wekundu, kinang'aa kama kitu kilichopakwa mafuta. Tangu alfajiri hata shuka lilimwelemea. Mke wake alipopita karibu ya kitanda, upepo wa gauni lake peke yake ulimtoa jasho.

Jongo ilikuwa imemwandama kwa miaka mitatu. Daktari wa zahanati alikwisha mweleza kwamba asidi imezidi katika damu yake, na ikizidi huganda kwenye viungo kama vijisindano. Alimkataza bia, maini na figo, akamwambia anywe maji mengi, akamwandikia vidonge vya kumeza kila siku, maumivu yawepo yasiwepo. Vidonge vilikuwa kwenye droo, pakiti haijafunguliwa. Kiwanjani Refa alikuwa mtu wa sheria kwelikweli. Aliwahi kumpa shemeji yake mwenyewe kadi nyekundu, na harusi iliyofuata katika ukoo ule hakualikwa. Nyumbani sheria zilimchosha.

Zilibaki siku kumi kabla ya mtihani wa mbio. Marefa wote wa ligi hupimwa mara moja kwa mwaka, na asiyemaliza mizunguko hufutwa kwenye orodha. Refa alikuwa na miaka arobaini na tisa. Akifutwa safari hii, hakuna ambaye angekumbuka kumrudisha.

Dada yake mkubwa aliingia na barafu iliyofungwa kwenye taulo. Alikuwa fundi wa nguo. Cherehani yake, ile ya kukanyaga kwa mguu, ilikaa kibarazani, na mwenyewe alilala chumba cha nyuma tangu nyumba ile ilipojengwa. Mama yao alipofariki, Refa alikuwa na miaka sita na dada kumi na tisa. Ndiye aliyemlea. Waliokuja kumposa waliambiwa wangoje kidogo mtoto akue. Wakangoja, kisha wakaoa kwingine.

Dada akauinua mguu, akauwekea mto chini, akalaza taulo taratibu. Refa akatoa machozi.

"Basi, mdogo wangu, basi," dada akasema. "Nipe mimi tu."

Ni maneno ambayo watu huyasema kila siku, ila safari hii maumivu yalisikia. Wekundu ulichuruzika kutoka kidoleni, ukatambaa juu ya shuka kama chai iliyomwagika, ukateremka kwa mguu wa kitanda, ukakata sakafu mpaka kwenye kandambili ya dada. Dada akashusha pumzi, akakaa kwenye kiti. Kidole chake kikaanza kuvimba. Mke wa Refa, aliyekuwa akikunja nguo, alilitazama shuka kama limeingia doa. Halikuingia.

"Wifi, nikuletee stuli uweke mguu?"

"Niletee."

Refa akavaa soksi ya pili. Alimshukuru dada yake, akaenda mazoezini.

Jumatatu walikwenda zahanati wote wawili. Daktari aliwatoa damu, akakuta ya Refa ina asidi ya kuwatosha watu wawili na ya dada ni safi. Alisema amewahi kuona kesi kama hiyo, hasa kwenye familia ambazo mtu mmoja amezoea kubeba. Kwenye daftari akaandika: ugonjwa wa kaka, maumivu ya dada. Kisha akaeleza utaratibu. Dawa ya kutuliza ataimeza dada, kwa kuwa ndiye anayeumia. Dawa ya kila siku ya kushusha asidi ataimeza kaka, kwa kuwa damu ni yake. Aianze shambulio hili likishapoa, na asishangae wiki za mwanzo maumivu yakija tena. Ndivyo inavyokuwa kabla hayajakoma. Kuacha njiani, alisema, ni sawa na kutoanza. Muda wote alipokuwa akisema hayo alimtazama dada.

Refa alifaulu mtihani. Alimaliza mizunguko yote na pumzi ikabaki, akawaacha nyuma marefa wenye umri wa wanawe. Wenzake walimpeleka kupongezana, wakaagiza bia baridi na maini ya kukaanga, naye akala kama watu wanaokula baada ya ushindi. Kesho yake aliamka kidole kikiwa kimepoa kabisa. Kutoka chumba cha nyuma alimsikia dada akivuta hewa kati ya meno.

Kwa hiyo halikuwa jambo la mara moja. Njia ilikwisha funguka, na maumivu hayakuona haja ya kupitia kwanza kwa mwenyewe.

Kibarazani kazi zililala. Dada alijaribu kukanyaga cherehani kwa mguu wa kushoto, mishono ikaenda upande kama mlevi. Mwalimu mmoja alirudisha sketi za wanafunzi, zote zina pindo la mawimbi, akaomba kwa adabu zifumuliwe. Dada alizifumua mwenyewe, mguu ukiwa juu ya stuli, barafu ikidondoka sakafuni.

Refa akaanza kuchechemea. Si kwamba aliumwa popote. Aliona vibaya tu kupita mbele ya dada yake akitembea kama askari wa gwaride. Alichechemea kutoka mlangoni hadi getini, na akishafika barabarani alinyooka. Siku ya nne dada alimwita.

"Usinichechemee," alimwambia bila kuinua macho kwenye nguo. "Mguu wako mzima, utembelee vizuri. Nikikuona unachechemea naona kama sote wawili tumekosa mguu."

Kuanzia siku hiyo Refa alipitia mlango wa jikoni.

Jumapili mchana, mke wake alipokwenda kusalimia ndugu zake, Refa alitoka kibarazani, akakaa chini mbele ya stuli, akavua kiatu na soksi, akaweka mguu wake sambamba na wa dada. Alikuwa amelifikiria jambo hilo tangu Alhamisi.

"Dada, nirudishie."

Dada alimwangalia vizuri, kama alivyokuwa akimwangalia zamani anaposema ameshamaliza kazi ya shule.

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Maumivu yakatoka. Wekundu uliteleza juu ya stuli, ukaacha mguu mmoja, ukauendea mwingine, ukagusa ncha ya kidole gumba. Refa akauvuta mguu. Hakuwa amekusudia, mguu ulijivuta wenyewe, ndivyo alivyojiambia baadaye. Wekundu ukabaki katikati ya stuli kitambo, mfano wa mgeni aliyefungiwa mlango, kisha ukageuka ukarudi ulikotoka.

Dada alikuwa tayari ameshika sindano, anatunga uzi, jicho moja kalifumba.

"Mambo haya hayajui kurudi nyuma," akasema, ingawa wote wawili walikuwa wameyaona yakirudi.

Refa alivaa soksi. Masikio yalimwaka moto. Hiyo aibu ilikuwa yake peke yake; hakuna aliyemwambia aitoe abebewe. Aliingia ndani, akajifungia chooni, akafungua bomba ili lipige kelele.

Wiki hiyohiyo shambulio lilipopoa, alifungua pakiti. Alimeza kidonge kila asubuhi mbele ya mke wake, akanywa maji chupa nzima, akakataa bia mbele za watu, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu alipitia mlango wa mbele. Dada alirudi kwenye cherehani yake. Siku ya kumi na mbili, kama daktari alivyotangulia kusema, maumivu yakaja, nayo yakaenda moja kwa moja chumba cha nyuma. Safari hii yalishika kidole na kifundo cha mguu.

Refa alisimama mlangoni pa chumba. Dada alikuwa amelala na dirisha wazi, mguu nje ya shuka.

"Endelea nazo," alisema kabla hajaulizwa. "Daktari alituambia itakuwa hivi. Nitavumilia, halafu yataisha."

"Siwezi, dada. Siwezi kumeza vidonge vyangu nikuone wewe unaumia."

"Nakwambia meza."

"Moyo wangu hauniruhusu."

Aliyasema kwa upole mwingi, hata mke wake, aliyekuwa ameleta barafu, alimwonea huruma. Pakiti ikarudi kwenye droo. Jioni hiyo, alipokuwa akinawa uso, Refa alijikuta anawaza mwisho wa wiki na wenzake, na meza yao ya kona, na chupa zinavyotoa jasho, akatambua kwamba tangu mchana kifua chake kilikuwa chepesi. Akajitazama kwenye kioo kidogo. Hakujitazama sana.

Dada hakulizungumza tena. Alinunua taulo la pili, akamwomba fundi seremala amtengenezee stuli yenye mto, na wateja wake wakazoea kuambiwa warudi wiki ijayo. Wengine walihamia kwa fundi wa mtaa wa pili. Waliobaki walimuulizia mguu kama watu wanavyoulizia hali ya hewa.

Msimu ulipokwisha, chama cha marefa kiliandaa chakula cha mchana ukumbini. Hotuba zilikuwa ndefu. Mwenyekiti alimwita Refa mbele, akasema kwamba kwa mwaka mzima hakuna timu iliyomlalamikia, akamkabidhi cheti cha refa mwenye haki kuliko wote, na ukumbi ukapiga makofi. Refa alirudi mezani akiwa ameinamisha kichwa. Watu walisema ni unyenyekevu.

Wahudumu wakaleta sahani. Maini yalikuwa yamekatwa vipande vikubwa, yamekaangwa na vitunguu, na pembeni ya kila sahani waliweka chupa. Refa aliitazama sahani yake, akawaomba wenzake dakika moja. Alitoka hadi kwenye korido ya vyoo, akageukia ukutani, akapiga simu nyumbani. Dada aliipokea. Nyuma ya sauti yake cherehani ilikuwa inakwenda.

"Dada, kesho una kazi ya haraka?"

"Gauni la bibi harusi. Limebaki mikono na pindo. Kwa nini?"

"Hapana, nauliza tu."

Cherehani ikasimama. Kisha Refa akaisikia ikianza tena, kwa kasi zaidi.

"Nitalimaliza leo," dada akasema.

Refa alirudi ukumbini, akakuta wenzake hawajaanza kula, wanamngoja. Akawaomba radhi kwa kuwachelewesha, akavuta sahani karibu.