Pipa la Komoni

Kwa kuchambua mahindi, Kandida wa Idete hakuwa na mpinzani. Punje iliyoingia ukungu, hata ule wa kujificha kwenye kiini, haikupita mbele ya macho yake. Nyeupe zilikwenda mashineni kwa ajili ya ugali wa wajukuu. Zile za kijani na nyeusi hazikutupwa. Nani atupe chakula, jamani? Hizo zilipikiwa komoni, pombe ya mahindi. Kijiji kizima kilifanya hivyo, na komoni ya Kandida ndiyo iliyosifiwa kupita zote.

Mwaka huu mvua ilinyesha mpaka mavunoni, kwa hiyo mbovu zilikuwa tele, na Kandida akafurahi. Jumapili mjukuu wake Paulina angepokea komunyo ya kwanza, na wageni wa kutoka Mahenge wasingerudi na kiu. Jumamosi asubuhi pipa lilikuwa linatoa povu, pombe imeiva, ndipo Levina, bibi shamba, alipofika na pikipiki yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Njoo uone watu wanavyochambua mahindi!"

Levina aliona, akasifu, kisha akauliza mbovu zinakwenda wapi. Kandida akamwonyesha pipa kwa madaha. Levina akashika kichwa.

"Mama, huo ukungu una sumu. Tunaiita sumukuvu. Inakula ini polepole."

"Si nimeichemsha nusu siku?"

"Haiishi kwa moto."

"Na ikichachuka?"

"Haiishi."

"Basi zilizobaki nitawapa kuku."

"Hata kuku, mama. Zifukie."

Levina alipoondoka, Kandida alifoka peke yake uani. Katoto ka juzi kanamfundisha kupika! Komunyo bila komoni, si atasemwa mpaka Mkula? Akaamua kufunga mdomo. Watu wamekunywa miaka yote, watakunywa na kesho.

Haukupita muda akaingia shemeji yake Donati, kikombe mkononi. Kwa desturi ya nyumba hiyo, pombe mpya ilionjwa kwanza na mwanamume wa ukoo.

"Shemeji, harufu nimeipata tangu barabarani. Nionjeshe, nisije nikafa kwa hamu."

Kandida akachota, akajaza. Mkono ukagoma hewani. Kabla ya Donati, mwonjaji alikuwa kaka yake, Remigius, mume wa Kandida. Alionja miaka ishirini, mpaka macho yakawa ya njano na tumbo likajaa maji, akafa. Watu walisema amerogwa, na Kandida naye akasema hivyo hivyo.

Akamwaga kikombe chini.

"We shemeji! Una wazimu?"

"Shika pipa upande huo. Tunalimwaga lote chooni."

"Na wageni je?"

"Watakunywa soda."

Donati akaangua kicheko, akangoja na mwenzake acheke. Kandida alikuwa analia.

"Ukungu wa mahindi una sumu, bibi shamba kasema, unakula ini. Kaka yako nilikuwa namwonjesha mimi, Donati. Kila pipa. Kwa mkono huu."

Donati akaacha kucheka. Akainama, akashika pipa.