Mrija wa Mivukuto

Kigingi cha arobaini na moja kiligoma kuingia. Mpima ardhi, ambaye mafundi wote walimwita Mama Vigingi, alikigonga nyundo mara tatu, kikakwaruza kama jino lililotafuna mchanga. Alipokichomoa, kilikuja na udongo mweusi tii na bonge zito lenye matundu, mfano wa uji uliochemka ukaganda.

"Mavi ya chuma hayo," alisema msimamizi wa ujenzi, mume wa dada yake. "Tupa kando tusonge mbele, shemeji."

"Mavi yana mwenyewe. Nani alikuwa anayeyusha chuma hapa?"

Msimamizi akacheka, lakini Mama Vigingi alikwisha piga magoti. Njia ya miguu waliyokuwa wakiitengeneza, yenye vibao vya kuwaeleza wageni habari za kilima, ilipangwa kupita papo hapo, na kesho yake tingatinga lingekuja kuichonga. Akasimamisha kazi, akampigia simu mtaalamu wa mambo ya kale.

Mtaalamu alikuwa bwana mwembamba, mwenye maneno machache. Alipangusa udongo kwa brashi ya kupakia rangi hadi ukatokeza mrija wa udongo, mnene kama mkono, ncha moja imeungua hadi ikang'aa.

"Mivukuto ilikaa huku, tanuri kule. Upepo ulipita humu ndani."

Ubavuni mwa mrija zilikuwepo alama za vidole vinne vilivyoubonyeza ungali mbichi. Mama Vigingi akatandaza kiganja juu yake bila kugusa. Vidole vyake vilikuwa vikubwa zaidi.

"Mwanamke?"

"Labda."

"Au mtoto?"

"Labda pia."

"Basi tuchimbe tujue!"

"Leo hatuchimbi, mama. Ukishafukua hurudishi. Nitachora, nitapiga picha, kisha nafukia."

Mama Vigingi alijisikia kama aliyekatiziwa hadithi patamu.

"Tuzungushie uzio," alisema msimamizi, "na kibao: tazama, usiguse."

"Kibao cha namna hiyo ndicho kinachoita mikono," alijibu mtaalamu. "Kila mgeni atataka kabonge kamoja tu. Mwaka haupiti, pamekwisha."

Mama Vigingi akapanda jabali lililokuwa juu yao kutafuta pengine pa kupitisha njia. Alipogeuka kutazama chini, akaona majani yamedumaa kwa mabaka ya duara, kama lile lililozunguka mrija. Akahesabu: moja, tatu, saba.

"Jamani, njooni! Tanuri si moja!"

Mtaalamu alipanda mbiombio, akasahau uchache wake wa maneno. Ilikubaliwa siku ileile: njia ihamie juu ya jabali tupu, mahali nyayo haziharibu kitu. Kibao kisimulie habari za wafua chuma bila kusonta matanuri yalipo, na mfinyanzi atengeneze mrija wa mfano, wageni waushike watakavyo.

"Ngazi thelathini za mawe!" alilalamika msimamizi. "Nani atabeba?"

"Wewe, shemeji. Mabega hayo Mungu alikupa ya kazi gani?"

Alinung'unika wiki nzima, ila alibeba. Siku walipoufunika mrija kwa kitambaa na kulifukia shimo, Mama Vigingi alimkuta amechuchumaa, kipande cha mkaa kilichotoka shimoni kiganjani, akimsumbua mtaalamu.

"Mkaa wa mti gani huu? Maana mkaa wetu wa siku hizi hauyeyushi hata msumari."

"Sijui bado. Nampelekea mwenye hadubini."

"Akishajua, mwambie anipigie mimi kwanza," alisema msimamizi, "kabla ya shemeji yangu."