Siku Mama Mkwe Alipoisikia Dhahabu Ikimeza

Nilikuwa fundi bomba wa maabara moja ya sayansi miaka thelathini na moja. Asiyeniamini akayaulize mabomba.

Tulikuwa na mtaalamu mmoja, tukimwita Bibi Nyota, aliyetaka kujua nyota zinaipikaje dhahabu. Kazi yenyewe hivi: kipande cha dhahabu kinarushiwa nyutroni, vichembe vidogo kuliko udogo wenyewe. Kiini cha atomi ya dhahabu kikimeza kimoja kinaongezeka uzito, na mashine inahesabu. Ndivyo nyota zinavyojaza dunia vitu vizito, tonge kwa tonge. Zamu yake ya mtambo wa kurushia nyutroni aliisubiri miaka minne. Siku ya mwisho, saa tano asubuhi, mashine ya kuhesabu ikafa. Saa kumi mtambo wanapewa wengine.

Akaketi juu ya ndoo yangu, akalia. "Miaka minne, fundi!"

"Nyamaza. Namleta mama mkwe."

Jamani, yule mama alikuwa na masikio! Nikifunua sufuria kwangu, yeye yuko kwake mtaa wa tatu, utasikia, "Mkwe, hiyo nyama irudishe!" Tukamketisha nyuma ya ukuta wa zege, kijiko mkononi, sahani ya bati magotini.

"Nisikilize nini?"

"Kumeza, Mama. Ukisikia kumeza, gonga."

"Hilo tu?"

Tang! Tang! Bibi Nyota anaandika, jasho linamtiririka. Kufika saa tisa na nusu sahani imetoboka, na daftari linasema elfu tatu mia sita na kumi na mbili.

Bibi Nyota akasawijika. "Zimezidi. Kwa hesabu hii mbingu nzima ingekuwa hereni. Kuna kelele za pembeni zimeingia, na sijui nitoe ngapi." Machozi yakaanza upya.

Mama mkwe akashusha kijiko. "Si ungeuliza, mwanangu? Toa mia nne na nane. Hizo si dhahabu."

"Ni nini, Mama?"

"Ni huyu mkwe wangu. Ana karanga mfukoni tangu asubuhi, anazimeza kimyakimya asije akanikaribisha."

"Sasa mbona ukazigonga?"

"Mlisema kumeza. Hamkusema nibague."

"Mama, mimi karanga sina," nikasema, nikameza mate.

Tang!

Bibi Nyota akaiandika na hiyo, akatoa mia nne na tisa, hesabu ikakaa sawasawa. Taarifa yake ilichapishwa, na chini ya jedwali kuna mstari: kelele za pembeni, 409. Ndiyo mimi huyo.