Yai la Bwana Manjano

Mama yangu alileta kuku sita kwa basi, kwenye tenga, akayapita makao makuu ya mkoa na vijiji saba akiwa amewapakata. Nilikuwa nimebakiza wiki mbili kujifungua, na mwezi wa uzazi bila supu ya kuku wa kwenu ni aibu inayosimuliwa mpaka mtoto aoe. Kufikia Jumatano walikuwa wamebaki watatu.

Mwizi ni kicheche, yule wa manjano, anayepita kwenye tundu ambalo mimi siwezi kupitisha ngumi. Niliziba matundu kwa matofali, nikafunga waya, tumbo likinitangulia kila pembe ya banda. Mwisho nikaenda kwa jirani yetu, Tong Desheng, kuazima bata bukini wake dume. Kicheche humwogopa bukini kuliko mtu.

"Mpe maji, mpe mahindi," Tong aliniambia, "na usimgeuzie mgongo."

Nilimfungia bandani jioni, nikalala kwa raha. Asubuhi kuku walikuwa wawili. Bukini nilimkuta kwenye kibanda cha kuni, amefungwa miguu kwa kitambaa, ana hasira za dunia nzima. Na mlangoni pa kuku kulikuwa na kibakuli chenye maganda ya yai.

Kitambaa nilikijua ni cha mama mkwe, tunayeishi naye. Nilimwita.

"Mama, hiki kibakuli ni cha nani?"

"Cha Bwana Manjano. Namwomba ale yai, atuachie kuku." Bwana Manjano ndilo jina wazee wanalomwita kicheche, kwa kuamini kuwa ana nguvu za kulipiza kisasi.

"Tangu lini?"

"Tangu kuku walipofika."

"Mama, umemfungulia mgahawa mlangoni pa kuku wangu, halafu ukamfunga askari miguu."

"Punguza sauti, Xiuhe. Anasikia." Alitazama ukuta, kisha tumbo langu. "Baba mkwe wako alimpiga mmoja kwa jembe, tukiwa na mwaka mmoja wa ndoa. Mwezi uliofuata nikampoteza mtoto wangu wa kwanza. Kuku watapatikana wengine."

Hasira zikaniisha. Siku zote nilidhani ni ukaidi wa uzee tu. Bukini nikamwacha kwenye kibanda cha kuni, miguu imefungwa vilevile.

Mchana uleule nilikuwa uani, nasafisha kabichi za kuweka kwenye mtungi wa chumvi. Kuku wawili walikuwa wanaokota majani miguuni pangu. Mama mkwe alitoka na yai lake lililochemshwa, akaliweka kibakulini na kuinamisha kichwa.

Kicheche alishuka ukutani jua likiwaka. Yai hata hakulitazama. Alilipita kama tajiri anayepita mlango wa maskini, akamrukia tetea mwekundu shingoni na kumburuta kuelekea ukutani.

Nikanyakua ufagio. Hatua ya tatu nikakanyaga jani la kabichi na kuanguka kwa magoti. Niliposhika tumbo nilimwona mama mkwe akinitazama, uso mweupe kama unga, kisha akamtazama kicheche. Nikajua anachagua kati ya Bwana Manjano na mimi, na niliogopa.

Akakimbilia kibanda cha kuni. Sijawahi kumwona akikimbia. Alikata kitambaa kwa meno, na bukini akatoka mabawa wazi, shingo chini, akipiga kelele za kuamsha kijiji. Nyuma yake alikuja mama mkwe mwenyewe, akaokota kibakuli, yai likadondoka, akamrushia kicheche kwa nguvu zote.

"Mayai yangu umekula," alimwambia, "kuku umekula. Kwa mjukuu wangu hupiti."

Kibakuli kilivunjikia ukutani, sentimita chache juu ya masikio yake. Bukini akamdaka mkia. Kicheche akamwachia kuku, akatupulizia ule uvundo wake uliotutoa machozi wote, akaparamia ukuta na kutokomea. Tetea alisimama, amepungukiwa na manyoya, akaendelea kula kabichi.

Mama mkwe alipiga magoti mbele yangu, mkono wake umeganda juu ya tumbo langu. "Anacheza?"

Tulisubiri. Nilikuwa nimeshaanza kulia mtoto alipopiga teke, moja, palepale chini ya kiganja chake.

Yai lilikuwa limebiringika mpaka kwenye mtungi. Aliliokota, akalifuta kwa aproni, akalimenya, akanitia mkononi.

"Kula wewe," alisema. "Yeye ameshiba vya kutosha."