Rabia Fundi Bomba

Rabia alikuwa fundi wa mashine za kupulizia dawa mikorosho, zile zenye injini ndogo za kubeba mgongoni, ambazo wakulima wa huko kwetu huziita mabomba. Kibanda chake kilikuwa nyuma ya soko la Nachingwea, kimebanwa kati ya mashine ya kusaga na duka la magodoro, na mgeni angeweza kupita mbele yake asikione. Waliomjua walimpenda. Ila waliomjua walikuwa wale wale kila mwaka. Msimu wa kupulizia ulipoanza, aliyaona mabasi ya kutoka Ruangwa yakipita na mashine mbovu juu ya keria, zinapelekwa Masasi kutengenezwa, na roho ilimuuma.

"Hawakujui, dada," alimwambia mdogo wake, Fatma, aliyekuwa akiuza vocha na kusajili laini za simu Ruangwa mjini. "Siku hizi mtu akiharibikiwa na kitu haulizi jirani. Anaiuliza simu."

Jumapili moja Fatma alikuja Nachingwea, akakipiga picha kibanda, akakiweka kwenye ramani ya mtandaoni pamoja na saa za kazi na namba ya simu. Kisha akalipia tangazo, ili mtu akitafuta fundi, jina la dada yake litokee juu kabisa. Akaandika: Rabia Fundi Bomba.

"Si ndivyo wanavyokuita?" alisema, akaondoka na gari la jioni.

Simu ya kwanza iliingia asubuhi, Rabia bado anafagia.

"Wewe ndiye fundi bomba? Njoo haraka, bomba langu linavuja!" Alikuwa mwanamke, anahema.

"Pole mama. Linavujia wapi, kwenye tangi au kwenye mpira?"

"Hata sielewi. Maji yamefika chini ya kitanda."

Rabia akajiuliza ni nani huyu anayelala na mashine ya kupulizia. "Kwanza zima injini," alisema kwa upole.

"Injini ipi?"

"Ya bomba. Halafu mwaga petroli yote iliyobaki."

"Petroli? Chumbani?" Mwanamke akapiga ukelele. "We fundi unataka kunichomea gesti yangu!"

Simu ikakatika. Kabla ya adhuhuri walipiga wengine, wote wana shida za maji. Mmoja alipiga kutoka Mbeya, choo chake kimeziba, na alipoambiwa fundi yuko Nachingwea akauliza nauli ni ya nani. Mwingine alimpa Rabia nyota moja mtandaoni na kuandika: "Nimemweleza bomba linavuja, ananiuliza kama linatoa moshi."

Fatma alipopigiwa simu alicheka mpaka akakosa pumzi. "Kosa langu, dada. Tangazo nimeliachia nchi nzima, na sikukumbuka kuwa fundi bomba kwa watu wengi ni yule wa mabomba ya maji. Nalifuta sasa hivi."

"Lifute haraka. Wataniita tapeli."

Alikuwa bado ameshika simu Eliudi alipoingia. Eliudi alikuwa fundi wa mabomba ya maji, hodari wa kazi lakini mzito wa kujitangaza, na siku nyingi alishinda kwenye njia panda na mkoba wake wa spana akisubiri kuitwa. Siku hiyo hata salamu hakutoa.

"Dada Rabia, tangu lini umekuwa fundi bomba?"

"Kaka Eliudi, karibu ukae."

"Sikai. Mwalimu mmoja kaniambia simu yake inasema fundi bomba wa Nachingwea ni wewe. Mimi nimekukosea nini hata uninyang'anye riziki?"

Rabia alitaka kueleza, lakini simu ikalia tena. Akaiangalia namba. Ilikuwa ya yule mwanamke wa asubuhi. Akampa Eliudi. "Ongea naye mwenyewe."

Eliudi aliipokea bado amekunja uso. Akasikiliza. Uso ukalegea taratibu. "Kuna koki karibu na mita, mama, ifunge kwanza... Ndiyo, kulia... Maji yamekatika? Basi tulia, tunakuja."

"Tunakuja na nani?" Rabia akauliza.

"Na wewe. Gesti yake iko Ruangwa, na kasema huyo fundi wa petroli hamwamini mpaka amwone kwa macho."

Wakacheka wote wawili. Rabia akafunga kibanda, wakapanda gari la Ruangwa.

Mwenye gesti aliitwa Mwamina. Alikuwa anamwoza binti yake wiki ile, wageni wameshaanza kuwasili, na chumba kimoja kilikuwa kama jaruba la mpunga. Alimtazama Rabia juu mpaka chini, kisha akamkumbatia. "Kumbe una sura ya huruma! Mimi nilishawakimbiza hata wapishi jikoni kwa kuogopa moto."

Eliudi akavunja ukuta kidogo, akabadili kipande cha bomba kilichooza, na maji yakarudi njia yake. Rabia hakukaa bure. Alishika fagio akasukuma maji nje pamoja na wanawake wa shughuli. Hapo ndipo mzee mmoja kutoka Mandawa, Mzee Kaimu, mjomba wa bwana harusi, alipomsogelea Eliudi.

"Mwanangu, nasikia wewe fundi bomba. Langu linawaka, likishika mikorosho miwili mitatu linazima. Dawa yenyewe nimeshanunua, mikorosho inatoa maua."

Eliudi akafuta mikono. "Bomba la injini, mzee, fundi wake ndiye yule mwenye fagio."

Mzee Kaimu akageuka, akaonekana hana hakika. Rabia akaegemeza fagio ukutani. "Kichujio cha mafuta umewahi kukisafisha, baba?"

"Kina kichujio?"

Mashine ililetwa kwa bodaboda alasiri, Rabia akakisafisha kichujio. Ilipounguruma na kuendelea kuunguruma, wageni wa Mandawa na Narung'ombe wakaacha chai yao na kuja kuuliza namba ya simu.

Fatma alitoka kwenye kibanda chake cha vocha akaja kuwaona, na pale pale kwenye ua wa gesti, katikati ya masufuria ya pilau, akarekebisha mambo. Jina akalibadili: Rabia, Fundi Mashine za Kupulizia Mikorosho. Picha ikawa Rabia mwenyewe na mashine mgongoni. Tangazo akalirudisha, safari hii lionekane Nachingwea na Ruangwa tu. Eliudi naye akafunguliwa ukurasa wake, na alipoombwa atabasamu kwa ajili ya picha ilibidi Mwamina amtekenye.

Wiki iliyofuata, mama mmoja kijana alisimama nyuma ya soko la Nachingwea, bomba begani, simu mkononi inamtajia njia kwa sauti. Muuza magodoro alitaka kumwelekeza, lakini mama huyo akamzuia kwa kiganja. Alipiga hatua chache zaidi, akainua macho.

"Wewe ndiye Rabia? Natoka Narung'ombe. Simu inasema mmefungua."

"Tumefungua," Rabia alisema, akimsogezea kigoda. "Litue chini, tulisikilize."