Kirumi cha Kiirua

Pombe ya asali ilikuwa tayari kinywani mwangu. Mwanangu Njiru alisimama mbele yangu, shati wazi hadi kitovuni. Watu wa Mitunguu, ambako anataka kuoa, walikaa kwenye viti vya plastiki kando ya migomba wakingoja nimtemee kifuani ili kirumi kimtoke. Na mimi, mwalimu wa uigizaji, nilikuwa nazipima safu: tatu, na mwanga unatoka kushoto. Mazoea yana taabu jamani.

Kirumi ni laana ya mzazi. Kwetu Embu na kwao Meru hakichezewi, nami nilikichezea jukwaani miaka kumi na mmoja. Kundi letu lilizunguka shule kwa shule na mchezo wa mama anayemlaani mwanawe, Kirimi, kwa kuuza shamba la ukoo. Wasichana walilia. Walimu wa kiume walitoka nje wakisingizia simu. Hata sokoni Gakoromone wauza viazi waliniita Mama Kirimi, wala hakuna aliyejua kwamba naitwa Wawira, nami nikajiona nimefika.

Mwaka wa mwisho, kijana aliyemwigiza Kirimi aliugua, nikamvika Njiru mavazi yake. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Asubuhi ile, tukielekea shuleni Kiirua, aliniambia hataki tena jukwaa. Anakwenda Mitunguu kulima.

"Mama, hii ni ndoto yako," alisema. "Mimi imenichosha."

Saa nane, mbele ya ukumbi uliojaa wanafunzi, niliinua mikono, na badala ya kusema, "Kirimi, utakachopanda kisimee," nikasema, "Njiru, utakachopanda kisimee." Wanafunzi walipiga makofi. Njiru alisimama palepale, amesahau maneno yake yaliyofuata.

Akaenda kulima. Nyanya zikanyauka, vitunguu vikaoza, pampu ikaibwa, na watu wakaanza kuikumbuka Kiirua. Mimi nilishikilia jibu moja: ulimi hauna mfupa, uliteleza. Niliacha jukwaa nikaanzisha darasa katika ukumbi wa kanisa mjini Embu, na kwa miaka tisa nimewafundisha vijana kwamba la jukwaani huachwa jukwaani. Sasa nani angenisikiliza nikionekana namtemea mwanangu kifuani kuondoa maneno ya mchezo? Njiru aliniomba mara mbili, nikakataa mara mbili. Nilijifungia mwenyewe, na kila somo nililofundisha liliongeza kufuli. Usiku sikulala vizuri, nisidanganye.

Kisha akampata Linda. Baba yake, Mzee Kaimenyi, alinipigia simu mwenyewe.

"Mwalimu, kijana wako simkatai," alisema. "Lakini siwezi kumtoa binti yangu aende kwenye shamba ambalo mbegu zimefungwa. Njoo umfungue, ama tuachane kwa heri."

Basi nikaja, nikatema. Nikatamka baraka kwa sauti inayofika safu ya mwisho, machozi yakaja kwa wakati wake, wanawake wakapiga vigelegele. Mzee Kaimenyi alifuta macho kwa kofia. Kusema kweli, sijawahi kufanya vizuri hivyo. Njiru alifunga vifungo vyake bila kunitazama.

Chakula kilipoanza kupakuliwa, alinishika kiwiko akanipeleka nyuma ya tangi la maji.

"Mama, hiyo ilikuwa yao," alisema. "Sasa niambie mimi."

"Nikuambie nini, mwanangu?"

"Siku ile ya Kiirua. Ni kweli ulimi uliteleza?"

Nilitafuta ile sauti ya jukwaani, sikuipata. Mikono sikujua niiweke wapi.

"Haukuteleza," nikasema. "Nilikuwa na hasira na wewe. Nilitaka ushindwe huko, ndio urudi. Urudi... urudi kwangu."

Nilisema vibaya, kwa kukwama, pua inatiririka. Mwanafunzi wangu akisema hivyo namrudisha mlangoni aanze upya.

Njiru aligeukia migomba. Nilidhani ataondoka, na nisingemlaumu. Halafu akaanza kufungua tena vifungo vya shati, kimoja kimoja, akasogea karibu. Pombe ya asali ilikuwa imebaki kule kwa watu. Nilikuwa na mate yangu tu.