Nani Alisema Amejikata

Mara mbili za kwanza msimamizi alikuja na machungwa. Mara ya tatu alikuja na karatasi, na hapo ndipo Kimya alipoweka chini nguo alizokuwa akikunja na kukaa vizuri.

Kule kiwandani msimamizi huyo walimwita Mjomba, kwa sababu kwake kila mtu alikuwa mpwa. Mpwa wangu, ongeza mwendo. Mpwa wangu, leo mapumziko hakuna. Hata akikufuta siku ya kazi, anakufuta kwa upole mpaka unakaribia kumshukuru. Jina hilo alilipenda, akidhani ni la heshima.

Kimya naye hakupewa jina lake bure. Alikuwa katika kiwanda hichohicho cha maboksi, upande wa kufunga mafurushi kwa kamba, na siku nzima angeweza kuipitisha kwa maneno kumi, ila macho yake hayakupumzika. Shule aliishia ya msingi. Kusoma anajua, lakini husoma taratibu, na akisoma hataki kusemeshwa.

Aliyeumia ni kaka yake, fundi wa mashine ya kukatia kadibodi. Siku tisa zilizopita kisu cha mashine hiyo kilimwondolea vidole viwili vya mkono wa kushoto. Sasa alikuwa amelala kwenye kochi la sebuleni, mkono umefungwa bandeji nene kama mkate, umewekwa juu ya mto.

"Hodi, wapwa!" Mjomba alikuwa ameshakaa kabla hajakaribishwa. "Mgonjwa anaendeleaje?"

"Tunashukuru, Mjomba. Maumivu yamepungua."

"Wewe ni chuma. Nimewaambia wakubwa kule, yule ni chuma, vidole viwili havimwangushi."

"Basi wampe na vya chuma tujue moja," akasema wifi yake Kimya, mke wa kaka, kutoka jikoni.

Kaka akacheka. Mjomba naye akacheka, ila alichelewa kidogo, na Kimya akaona.

"Sasa, mpwa wangu, ni kitu kidogo tu. Ofisi inataka maelezo ya ajali. Wewe sema kwa maneno yako mwenyewe, mimi naandika. Leo mimi ni kalamu yako."

Kaka akajiinua kidogo. "Si unajua mwenyewe, Mjomba. Tulikuwa na ile oda ya haraka. Kinga ya kisu tulishaitoa tangu wiki ya nyuma yake, maana ilikuwa inatuchelewesha, na wewe ukasema..."

Kimya hakuwa akimtazama kaka yake. Alikuwa akiitazama kalamu. Kalamu ilikuwa imelala juu ya karatasi, haijaandika hata nukta.

"Endelea, endelea," Mjomba akasema.

"Basi kadibodi ikakwama. Nikaingiza mkono kuivuta, ndiyo nikajikata."

Kalamu ikaamka. Ikaandika haraka, ikamaliza, ikageuzwa na kunyooshwa kwa kaka. "Saini hapa chini. Umeshamaliza, pumzika."

"Naomba nisome," Kimya akasema.

Mjomba akamtazama kana kwamba kiti ndicho kimesema. "Haya ni mambo ya ofisi, mpwa."

"Mshomee basi asikie," akasema kaka, kisha akajicheka kwa ulimi uliomteleza kwa dawa. "Msomee."

Yalikuwa maneno machache mno: Mimi, fundi wa mashine, niliingiza mkono kwenye mashine nikajikata vidole.

"Mbona fupi hivi?" Kimya akauliza. "Na kinga?"

"Kinga gani?" Mjomba aliuliza kwa sauti laini kabisa, kama mtu anayeuliza saa.

Kimya alijua kuna kitu hakijakaa sawa, lakini angeulizwa ni kipi, asingeweza kukionyesha. Kila neno pale kaka alikuwa amelisema. Basi akafanya analolijua, akachelewesha. "Kaka bado amelewa dawa, umemsikia mwenyewe. Tuachie karatasi, atasaini kesho."

Mjomba aliikunja karatasi upesi akaitia mfukoni. "Karatasi za ofisi hazilali nje. Nitapita Jumatatu jioni. Lakini mpwa wangu," akamgeukia kaka, "usichelewe. Wakubwa wakisikia unasitasita, hata ile nafasi nyepesi niliyokuombea watampa mwingine."

Mlangoni alisimama akamwambia wifi kwa sauti ya chini, "Usisahau lile letu."

Kimya alisubiri mpaka viatu vyake viishe kusikika. "Lile lipi, wifi?"

"Wifi, na wewe! Kila kitu unakinusa kama paka. Ameniahidi kazi ya usafi pale ofisini kwao. Kuna ubaya? Kaka yako atatutafutia chakula kwa vidole vitatu?"

Ubaya haukuwepo, ila Kimya hakulala vizuri kwa ubaya huo usiokuwepo. Tangu siku ile, wifi akisema "mwache asaini tu," Kimya aliisikia sauti ya Mjomba ndani yake. Wifi akitoka kwenda dukani, Kimya alihesabu muda. Jumapili alipofungua kabati kutafuta kadi ya matibabu, aliikuta palepale chini ya shuka, lakini yeye alikuwa ameikunja mara mbili, na sasa ilikuwa imekunjwa mara tatu. Akaitia kwenye mkoba wake, hakumwambia mtu.

Jumatatu kiwandani alipita kwa makusudi karibu na mashine ya kaka. Kinga ilikuwa imerudi mahali pake, imepakwa rangi ya njano mbichi, na skrubu zake zinang'aa.

"Hii wameirudisha lini?" akamwuliza mwenzake wa kufunga kamba.

"Kurudishwa? Si ilikuwepo siku zote?" Yule mwenzake alijibu huku anatafuta kitu sakafuni, naye ndiye aliyeisukuma kinga hiyohiyo stoo kwa mguu siku ilipotolewa, huku akiimba.

Kimya hakubishana. Saa ya chakula, badala ya kula, alitoka kwa mlango wa nyuma akaenda ofisi ya kazi ya serikali, mitaa miwili kutoka pale. Njiani aligeuka mara tatu kutazama kama kuna anayemfuata. Hakukuwa na mtu, na hilo nalo hakuliamini sana.

Ofisa aliyemkuta alikuwa mama wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa uzi na meza iliyozama kwenye mafaili. Kimya alimwambia yote kwa mpangilio: oda, kinga, kadibodi iliyokwama, kalamu iliyolala na kuamka.

"Akaandika vipi, hasa hasa?"

"Kwamba kaka aliingiza mkono akajikata."

"Alijikata, au alikatwa?"

Kimya alidhani hajasikia vizuri. "Si ni kilekile, mama?"

"Nyumbani ni kilekile. Ukimenya kitunguu kisu kikakupata, unasema nimejikata, na hakuna atakayekuuliza ulitaka nini. Lakini neno hilo likiingia kwenye faili, binti yangu, kuna watu kazi yao ni kulivuta mpaka liimbe. Alijikata, yaani alijifanyia mwenyewe. Alichezea mashine. Pengine alikusudia. Halafu wanauliza, fidia ya nini?"

Kimya alikuwa akitafuta ubaya kwenye mfuko wa Mjomba, kumbe umekaa kwenye silabi moja, ile ji.

"Sikiliza," ofisa akaendelea. "Kaka yako aliumia akiwa kazini, akifanya kazi ya mwajiri wake. Matibabu, mshahara wa siku za kuugua, fidia ya vidole ambavyo havitaota tena, hivyo vyote ni haki yake. Havitoki kwenye huruma ya msimamizi, wala havinunuliwi kwa machungwa. Na hakuna anayeweza kumlazimisha asaini maelezo aliyoandikiwa na mtu mwingine. Aje hapa, aseme mwenyewe. Una kadi ya hospitali?"

Kimya akatoa kadi. Ofisa akaisoma, akaishia katikati, akaigonga kwa kucha.

"Hata hapa limo. Kwa maelezo ya aliyemleta mgonjwa: amejikata na mashine. Huyo aliyemleta ndiye wa kumuuliza. Huenda ameshapitiwa na watu wa kiwanda. Ni nani?"

Jina la wifi lilikuwa limeshafika kwenye ulimi wa Kimya. Siku tatu hizi alilifuga pale. Lakini wifi siku ile alikuwa sokoni. Aliyemshika kaka mkono, akauzungushia aproni yake mwenyewe, akakimbia naye hadi zahanati, akampigia nesi kelele dirishani, kaka amejikata, nisaidieni, kaka amejikata, alikuwa mtu mmoja tu.

"Ni mimi," akasema.

Ofisa alivua miwani. Hakumlaumu. "Basi na wewe utakuja. Utaandika uliyoyaona, na ulimaanisha nini uliposema vile. Unafanya kazi wapi?"

"Hapohapo, kiwandani."

"Hmm. Hawaruhusiwi kukufukuza kwa kutoa ushahidi. Kwamba hawatajaribu, hilo siwezi kukuahidi."

Jioni alipofika nyumbani, jua bado lipo, viatu vya Mjomba vilikuwa mlangoni. Kimya aliingia bila kuvua vyake. Karatasi ilikuwa juu ya mto kando ya bandeji, safari hii imepigwa chapa na kutiwa mhuri wa kiwanda, na kalamu iko kwenye mkono mzima wa kaka.

"Kaka, usisaini."

"Haya, paka amerudi," wifi akasema.

"Neno lile, kaka. Nilijikata. Wanalitaka lile neno tu. Litasomwa kwamba ulijifanyia mwenyewe, na fidia hupati."

Kaka akatazama karatasi, akamtazama Mjomba. "Ni kweli?"

"Mpwa wangu!" Mjomba akafungua mikono. "Nani amemjaza maneno huyu mtoto? Neno ulisema wewe. Tena si wewe peke yako. Huyuhuyu dada yako ndiye aliyemwambia nesi kwamba umejikata. Imeandikwa kwenye kadi. Au mnataka kumwita nesi mwongo?"

Kaka alimgeukia Kimya polepole. "Ulisema hivyo?"

"Nilisema. Kama unavyosema wewe, kama tunavyosema wote. Sikujua." Kisha akapata la pili. "Lakini yeye amejuaje? Dirishani kwa nesi tulikuwa wawili. Yeye alibaki kiwandani, na kadi ilikuwa kabatini."

Mjomba alifungua mdomo, lakini aliyetangulia kusema ni wifi. Alikuwa amesimama na mwiko mkononi, sura imembadilika.

"Mimi ndiye niliyempa kadi. Alhamisi. Aliniambia anaipeleka ofisini ili dawa zilipiwe." Akamsogelea. "Si ndivyo ulivyoniambia? Kumbe ulikwenda kuokota neno!"

"Mama, taratibu, tulikuwa tunafuata utaratibu wa..."

"Dawa zimelipiwa?"

"Zinashughulikiwa."

"Na kazi yangu ya usafi nayo inashughulikiwa? Basi anza kusafisha wewe. Safisha hicho kiti ulichokalia, utoke."

Mjomba alisimama. Upole wote ulikuwa umemtoka, na bila upole alikuwa mtu mfupi tu mwenye mhuri. Alimwambia kaka kwamba nafasi nyepesi haipo tena, akamwambia Kimya kwamba kesho atazungumza naye kiwandani, akachukua karatasi yake. Kaka alimrudishia kalamu.

Mjomba akaondoka. Kimya alitamani kumwomba wifi radhi, lakini kwa lipi, wakati hakuwa amemshtaki kwa sauti? Akachukua mwiko mkononi mwake akaenda kukoroga sufuria.

"Wifi," yule akasema nyuma yake, "ulinidhania mimi, eh?"

"Nilikudhania."

"Ningekuwa wewe, na mimi ningemdhania wifi yangu." Akavuta kigoda akakaa. "Ila usinizoee."

Asubuhi wote watatu walikwenda ofisi ya kazi. Kaka alisema, ofisa akaandika: oda ya haraka, kinga iliyotolewa kwa agizo la msimamizi, kadibodi iliyokwama, mashine iliyomkata. Kimya naye akatoa maelezo yake, na neno lake la zahanati akalieleza lilivyokuwa. Ofisa akasema kiwanda kitaandikiwa barua na kuitwa, na kwamba shauri limefunguliwa, lina namba. Akasukuma karatasi mbele. "Sainini tu, hapa na hapa."

"Naomba nisome," Kimya akasema.

Alisoma. Foleni ya nyuma ikaanza kuguna. "Dada, huko umepewa gazeti?" mtu mmoja akauliza, na watu wakacheka. Wifi akamgeukia akamwambia kama ana haraka angeumia mapema. Kimya hakuinua kichwa. Ofisa huyu alikuwa amemsaidia, alikuwa mtu mwema, kila dalili ilionyesha hivyo, na Kimya alisoma karatasi yake kama alivyosoma ya Mjomba.

Katika mstari wa nne alisimama.

"Mama, hapa umeandika mkono wa kulia."

Ofisa akashusha miwani, akaitazama karatasi, akaitazama bandeji ya kaka. "Looh. Nisamehe. Ni wa kushoto." Akakata, akaandika upya, akatia saini pembeni. "Sasa iko sawa?"

"Sijui bado," Kimya akasema, akaanza tena kutoka juu.